Kwa Nini Mtoto Wetu Amehamia Maziwa ya Unga

Shangazi yangu wa Cheyo, Tabora, ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, na hadi mimi naufungua, watu wa Tabora, Urambo na Dar walikuwa wameshausikiliza. Aliona picha ya mtoto wetu mchanga na chupa mdomoni, na nyuma yake mezani kopo la maziwa. Huko nyuma tulituma picha ya hospitali, mtoto akinywa maziwa ya maji kutoka kichupa kilichotoka kiwandani kikiwa tayari, na kichupa kile kilisifiwa sana. Sasa shangazi anauliza imekuwaje mtoto ashushwe kwenye maziwa ya unga, na tena Marekani. "Kama hali imekuwa ngumu, mama, tuambie," alisema, kwa sauti ya kumfariji mfiwa. Wifi yangu akadakia kwamba kumbe ndiyo maana mtoto analia usiku.

Iliniuma. Sikujibu pale pale, maana mkubwa hajibiwi mbele za watu. Lakini jambo hili lina historia ndefu, na karibu kila mama wa kwetu anayejifungulia huku hukutana nalo ghafla, akiwa na mshono, usingizi umemwisha, na hakuna aliyemwandaa. Kwa hiyo naandika, kwa ajili ya shangazi na kwa ajili yao.

Kwanza nieleze chupa yenyewe ilitoka wapi. Nilijifungua kwa upasuaji, nikapoteza damu nyingi, na mwanamke akipoteza damu nyingi maziwa huweza kuchelewa kushuka. Uji wa pilipili manga nimekunywa, supu nimekunywa, mama mkwe alisimamia hayo yote na wifi ni shahidi. Mtoto ananyonya. Chupa inajazia pale ninapopungukiwa, na daktari ndiye aliyeshauri baada ya kumpima uzito na kuona unashuka kuliko inavyotakiwa.

Sasa vile vichupa. Hospitali za hapa kwa kawaida hazichanganyi maziwa. Ukikubali chupa, nesi anakuletea kichupa cha aunsi 2, yaani kama mililita 59, na chuchu iliyo kwenye pakiti yake. Unatoa kifuniko, unasokota chuchu, unampa mtoto. Hakipashwi moto. Mtoto akinywa nusu, nusu nyingine inamwagwa, na baada ya saa mbili tatu kinakuja kipya. Mimi niliyelelewa kutomwaga chakula ilinichukua muda kuzoea, mpaka nilipoelezwa kwamba mate ya mtoto yakishaingia kwenye maziwa, vijidudu vinaanza kuzaliana humo, na saa moja tangu aanze kunywa yaliyobaki hayafai tena.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani hospitali za Marekani zilikuwa na chumba maalumu cha maziwa, wafanyakazi wakichemsha chupa kwa wingi, wakipima na kuchanganya kila siku. Miaka ya 1960 viwanda vikaleta vichupa vya kutumia mara moja, vilivyochemshwa kiwandani pamoja na maziwa yaliyomo, na vyumba vile vikafungwa kimoja baada ya kingine. Hospitali zikapunguza kazi. Viwanda navyo vikapata kikubwa zaidi, kwa sababu mama akitoka hospitali na aina fulani ya maziwa, mara nyingi anaendelea nayo nyumbani. Ndiyo maana kwa miaka mingi vichupa hivyo vilitolewa bure au kwa bei ndogo sana, pamoja na mkoba wa zawadi wa kuondokea.

Nasi tuliondoka na mkoba. Siku ya kuruhusiwa, kiti cha mtoto cha kwenye gari kilikaguliwa kwa umakini ambao sijawahi kuuona: mikanda ikavutwa, klipu ya kifuani ikapandishwa, koti la mtoto likavuliwa kwa kuwa halitakiwi chini ya mkanda. Kuhusu chakula ambacho mtoto angekula usiku ule na kila usiku baada ya hapo, hakuna aliyesema neno. Hawakuniambia kwamba vile vichupa dukani vinauzwa kwa bei inayopita maziwa ya unga kwa mbali ukipima aunsi kwa aunsi. Hawakuniambia kwamba unga hauandaliwi kama yale ya maji. Kliniki ya kwetu nesi angenigombeza, sikatai, pengine mbele ya foleni nzima, lakini nisingetoka pale kabla sijarudia maelekezo yote kwa mdomo wangu. Hapa waliniita kwa heshima, wakanipigia makofi nikitoka na kiti cha magurudumu, na nikaingia nyumbani sijui kitu.

Kuna pia suala la WIC, mpango wa serikali wa kuwasaidia akina mama na watoto kwa chakula, ambao ulianza kwa majaribio mwaka 1972. Mpango huu unahudumia sehemu kubwa sana ya watoto wanaotumia maziwa ya kopo nchini hapa. Kwa kawaida unatoa unga. Ya maji tayari hutolewa kwa sababu maalumu tu: kama nyumba haina maji salama, au haina jokofu la kuaminika, au anayemtunza mtoto hawezi kuchanganya sawasawa. Kwa maneno mengine, mamilioni ya watoto wa Kimarekani wanakunywa unga tangu wiki zao za mwanzo. Shangazi, hakuna aliyeshushwa.

Kilichomo kwenye kichupa na kwenye kopo la unga ni chakula kilekile: protini ya maziwa ya ng'ombe iliyorekebishwa, sukari ya maziwa, mafuta ya mimea, madini na vitamini. Tofauti kubwa ni maji. Maziwa ya maji ni maji kwa karibu sehemu tisa katika kumi, na mtu wa Tabora hahitaji kufundishwa gharama ya mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alitembea kutoka Bagamoyo hadi Kazeh, Tabora ya zamani, na kama kilo 30 begani, na hakuna tajiri wa msafara ambaye angemlipa abebe maji ya pwani kuyaleta Unyanyembe. Viwanda navyo vinakausha: maziwa hunyunyizwa kwa matone madogo sana ndani ya mnara wenye hewa ya moto, maji yanaruka, unga unaanguka chini. Kopo la gramu 350 linatoa kama lita mbili na nusu. Baba watoto analibeba kwa mkono mmoja akishuka basi, mtoto mwingine kamshika mkono wa pili.

Ila ukaushaji ule hauui kila kitu. Yale ya maji huchemshwa kwa joto kali yakiwa yamefungwa, kwa hiyo hayana kijidudu mpaka uyafungue. Unga hauko hivyo, hata wa bei ghali, hata kopo likiwa halijaguswa. Kuna bakteria aitwaye Cronobacter sakazakii, aliyepewa jina la mtaalamu wa Kijapani, Riichi Sakazaki, anayeweza kukaa kwenye unga mkavu muda mrefu akisubiri maji. Ugonjwa wake ni nadra sana, lakini kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, hasa njiti, unaweza kuingia kwenye damu au utando wa ubongo na kuua. Ndiyo sababu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la Chakula na Kilimo, FAO, yalitoa mwongozo: unga wa mtoto mchanga uchanganywe na maji yaliyochemka ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70. Maji ya joto hilo yanaua kilicho ndani ya unga wenyewe. Hapo ndipo ningependa shangazi asikilize vizuri: kuchemsha maji peke yake, kisha kuyaacha yapoe kabisa ndipo utie unga, kunasafisha maji na kuuacha unga ulivyo.

Na shangazi ana haki ya kuyaogopa maziwa ya kopo. Alilea wanawe miaka ambayo onyo dhidi ya chupa lilitolewa kliniki zote, na onyo lile lilikuwa na msingi. Daktari Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwamba kuna utapiamlo unaoletwa na biashara: mama maskini anashawishiwa na tangazo, ananunua kopo moja, analizimua ili lifike mwisho wa mwezi, kwa maji ya kisima na chupa isiyochemshwa. Mwaka 1974 shirika la Uingereza liitwalo War on Want likachapisha kijitabu kuhusu vifo hivyo, mwaka 1977 ukaanza mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa mbadala. Nchi 118 zilikubali. Iliyokataa ni moja tu, Marekani, hii hii ninayoishi, na sasa naelewa mkoba wa zawadi ulitoka wapi. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzipitia upya mwaka 2013.

Mfano wa karibu zaidi ni Botswana. Serikali yao ilikuwa ikitoa maziwa ya kopo bure kwa watoto wa akina mama wenye virusi vya UKIMWI, kwa nia njema kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zikanyesha, maji yakachafuka, kuhara kukalipuka, na mamia ya watoto wakafa. Wachunguzi walipopita wodini waliona kwamba waliolazwa wengi wao hawakuwa wakinyonya. Mama mwenye maziwa ya kumtosha mtoto asome aya hii mara mbili na aliache kopo dukani.

Lakini Michigan, jimbo tunaloishi, nako kuna habari zake, na nisingependa watu wa Cheyo wafikiri kwamba huku mambo yamenyooka. Tunaishi Grand Rapids. Kusini mwa jimbo hilihili, karibu na mpaka wa Indiana, kuna mji mdogo wa Sturgis wenye kiwanda cha maziwa ya watoto cha Abbott. Februari 2022 maziwa ya unga yaliyotoka pale yaliondolewa madukani baada ya watoto kuugua ugonjwa wa Cronobacter, wawili wakafariki. Wakaguzi walimkuta bakteria huyo kiwandani, ingawa vipimo vya vinasaba havikumlinganisha na yule aliyewaambukiza watoto wale. Kiwanda kikasimama kwa miezi. Kwa kuwa kampuni chache tu ndizo zinazolisha nchi nzima, rafu zikabaki tupu, na mwezi Mei ndege ya jeshi ikatua Indianapolis ikileta maziwa ya watoto kutoka Ujerumani. Taifa lenye ng'ombe wengi kiasi hiki! Majirani zetu Wakongo, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuja huku, walinisimulia kwamba walizunguka maduka ya mji mzima kwa ajili ya kopo moja.

Halafu kuna maji. Mwaka 2014 mji wa Flint, upande wa mashariki wa jimbo, ulibadilisha chanzo cha maji ili kubana matumizi, maji mapya yakala mabomba ya zamani, na madini ya risasi yakaingia majumbani. Ilibidi daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, aweke hadharani vipimo vya damu mwaka 2015 ndipo wakubwa wakakubali. Waliokuwa hatarini hasa ni watoto wa chupa, maana chakula chao chote huchanganywa na maji ya bomba. Risasi haiishi kwa kuchemshwa. Ukichemsha sana, maji yanapungua, yenyewe inabaki. Nyumba yetu ni ya zamani, kwa hiyo tunakinga maji ya baridi, yanapita kwenye chujio lililothibitishwa kuondoa risasi, ndipo yanaingia kwenye birika la umeme. Cheyo niliogopa vijidudu tu, na vijidudu moto unaviweza.

Vipimo navyo vilitaka kutuangusha. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, amelea wawili kwa chupa, nikamuuliza yeye. Akanijibu bila kusita: kijiko kimoja kwa aunsi moja ya maji. Kopo langu linasema kijiko kimoja kwa aunsi 2. Wote tuko sahihi, kwa sababu kijiko cha kopo la Uingereza ni kidogo, kinapimwa kwa mililita 30, na cha hapa ni kikubwa, kinapimwa kwa 60. Ukichukua kijiko cha huku na hesabu ya kule, mtoto anapewa maziwa mazito mara mbili, na figo zake changa haziwezi. Ukifanya kinyume, maziwa yanakuwa mepesi, chumvi ya damu inashuka, anaweza kupata degedege. Kijiko kisihame kopo lake. Maji yatangulie kwenye chupa, unga ufuate, na kijiko kisawazishwe kwa kisu bila kushindilia.

Hata muda wa kusubiri maji haufanani. Dada anaambiwa na huduma ya afya ya kwao achemshe lita moja na asisubiri zaidi ya nusu saa, ndipo joto lisishuke chini ya nyuzi 70. Mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, inasema kama dakika tano baada ya kuchemka. Kopo lenyewe, ambalo ndilo mama analolishika saa tisa usiku, linasema tu umuulize daktari kama maji yanahitaji kuchemshwa. Nililikasirikia kopo lile kuliko nilivyomkasirikia mtu yeyote mwaka huu. Sisi tumenunua kipimajoto cha jikoni. Tunachanganya maji yakiwa juu ya 70, tunaipoza chupa kwenye bakuli la maji baridi, tunadondoshea upande wa ndani wa kifundo cha mkono, ndipo anapewa. Yaliyoandaliwa na hayajaguswa hukaa saa 2 nje au saa 24 kwenye jokofu.

Kuhusu kulia, namjibu wifi. Maziwa ya maji ni mazito kidogo na yana rangi ya kahawia kwa mbali, kwa sababu ya ule mchemsho mkali, na huwekewa vitu vya kuyazuia yasitengane. Unga ni mweupe zaidi na ukitikiswa unatoa povu jingi, na mtoto akimeza povu anajaa gesi. Choo nacho kinaweza kubadilika rangi na ugumu kwa siku chache. Kwa hiyo tunakoroga taratibu badala ya kutikisa, tunaiacha chupa itulie, na tunamcheulisha katikati ya kunywa. Tulihama polepole pia: unga ulichanganywa kwanza na maji kwa kipimo cha kopo, ukawa maziwa kamili, ndipo tukayaunganisha na ya kichupa, tukiongeza sehemu ya unga kila baada ya muda. Unga mkavu hautiwi kamwe ndani ya maziwa ya maji. Kulia usiku alianza tangu enzi za vichupa, na kifungua mimba wetu, aliyezaliwa Tabora na kunyonya tu, alilia kuliko huyu.

Huyo kifungua mimba sasa ana miaka minane na amejipa kazi ya kusoma kipimajoto. Hapa shuleni wanafundishwa Fahrenheit, kwa hiyo anatangaza jikoni kote "mia moja hamsini na nane!", ambayo ndiyo 70 yetu, na anasema kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi kwa kitu kingine chochote. Mwaka mzima nimembembeleza anisalimie shikamoo bila kukumbushwa. Nimenunua vitabu, nimempigia bibi yake simu kila Jumapili, hakuna. Mdogo wake amezaliwa na nyuzi joto zimemrudisha. Anahesabu vijiko kwa sauti, na baba yake akiongea naye katikati ya hesabu anaanza upya kutoka kijiko cha kwanza, na sisi tunasubiri, mtoto analia, hakuna wa kumharakisha. Anafanya vizuri.

Wa pili, wa kiume, ana miaka minne na hali yake inanipa kazi zaidi. Amerudia kutaka chupa. Amerudia kukojoa kitandani, na mwalimu wake wa chekechea amenitumia ujumbe kwamba anawaambia wenzake mtoto wetu ataondoka wiki ijayo. Nilipomuuliza anaenda wapi, akasema Cheyo, kwa bibi, kwa sababu kule kuna nafasi. Kwetu angekuwa na binamu kumi wa kukimbia nao kutwa, asingepata muda wa kuhesabu nani amebebwa na nani hajabebwa. Hapa kuna sebule moja, theluji dirishani, na mama mmoja mwenye mtoto kifuani kila anaponitazama. Nimeanza kumpa yeye kazi ya kushika kifuniko cha chupa, na akishakirudisha mahali pake tunakaa wawili, mtoto mchanga akiwa kwa dada yake, tunakula karanga. Hizi siku mbili zilizopita amelala mkavu.

Wiki ijayo mchanga ana kliniki ya miezi miwili na chanjo zake. Nitamuuliza daktari kama akishavuka umri huo tunaweza kulegeza masharti ya maji ya moto, maana hatari kubwa iko kabla ya hapo, na mpaka nisikie jibu tutaendelea na nyuzi zetu 70. Binti ameomba ruhusa ya shule aje nasi, ana maswali yake mwenyewe ameyaandika, nusu kwa Kiswahili. Shule imesema kliniki ya mdogo wake haihesabiwi kuwa udhuru. Nimeandika barua nyingine leo asubuhi.